Kufuli la Hesabu na Haki ya Sitara

Sifa njema zote anastahiki Allah, Mwenye kusitiri aibu za waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wasomaji, kuna swali ambalo limejirudia mara nyingi katika mazungumzo yetu baada ya darsa. Simu tunazobeba hufunga ujumbe kwa namna ambayo hata kampuni inayousafirisha haiwezi kuusoma. Je, yafaa Muislamu alitetee kufuli kama hilo, naye anajua kwamba mwizi, tapeli na mwenye kupanga mauaji nao wanalitumia? Wenzetu wengi hujibu kwa haraka: asiye na kosa hana cha kuficha. Mimi sikubaliani na jibu hilo, na katika makala haya nitaeleza sababu zangu.

Wanazuoni wetu hutufundisha kwamba hukumu juu ya jambo hufuata kulifahamu jambo lenyewe. Basi kabla ya kuuliza halali na haramu, tulitazame kufuli hilo limetengenezwa kwa nini. Limetengenezwa kwa kitu tulichofundishwa sote shule ya msingi, nacho ni kuzidisha.

HESABU YA SAA

Fikiria uso wa saa ya ukutani. Ikiwa sasa ni saa kumi, baada ya saa tano itakuwa saa tatu. Hatusemi saa kumi na tano. Tumejumlisha, tumeipita kumi na mbili, tukaiondoa, ikabaki tatu. Hesabu ya namna hii, ambayo ndani yake tunashika baki tu na kuacha mizunguko yote, ndiyo msingi wa kufuli tunalolizungumzia.

Mwaka 1977 Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliokuwa chuo cha MIT nchini Marekani, waliitumia hesabu hii kutengeneza njia inayoitwa RSA, kwa herufi za kwanza za majina yao. Tuchukue mfano mdogo ambao msomaji anaweza kuukagua kwa kalamu. Nachagua namba tasa mbili, 3 na 11. Zikizidishwa zinatoa 33. Hiyo 33 naitangaza kwa watu wote, pamoja na agizo moja: anayetaka kuniandikia kwa siri achukue namba yake, aizidishe yenyewe kwa yenyewe mpaka ziwe tatu, kisha anitumie baki la 33.

Mtu anataka kunitumia 4. Atazidisha 4 × 4 × 4, apate 64, aondoe 33, ibaki 31. Atanitumia 31, na atakayeiona njiani hataona 4. Mimi nina namba yangu ya siri, 7. Nitazidisha 31 mpaka ziwe saba, kila hatua nikishika baki la 33. Naanza: 31 × 31 ni 961. Ndani ya 961 mna 33 ishirini na tisa, yaani 957, inabaki 4. Kwa hiyo 31 mbili zinaacha 4. Za nne zinaacha 4 × 4, ambayo ni 16. Za sita zinaacha 16 × 4, yaani 64, na baki lake ni 31. Ya saba ni 31 × 31 tena, ambayo tumekwisha kuiona: inaacha 4. Ujumbe umerudi kama ulivyotoka kwa mwenyewe.

Ili mtu aipate 7 yangu, sharti kwanza ajue kwamba 33 ilizaliwa na 3 na 11. Kwa 33, mtoto wa shule atakwambia. Lakini namba zinazotumika kweli leo huwa na tarakimu 617. Mwaka 2020 watafiti walifanikiwa kuigawa namba ya aina hii yenye tarakimu 250 tu, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa miaka ipatayo 2,700. Kwenda mbele, kwa kuzidisha, kunawezekana. Kurudi nyuma, kutafuta wazazi wa namba, ndiko kunakoshinda.

KASI INA UZITO WA KIMAADILI

Nimesema kuzidisha kunawezekana, lakini tusipite haraka. Kuzidisha namba mbili za tarakimu 617 kwa njia ya shule kunahitaji vizidisho vidogo 617 × 617, yaani 380,689. Na ufunguo wa siri hautumiki kwa kuzidisha mara moja. Huhitaji hatua zipatazo 3,000 za namna hiyo. Jumla ni zaidi ya bilioni moja. Mtu anayefanya kizidisho kimoja kila sekunde, bila kulala wala kula, angehitaji miaka 36 hivi kufungua ujumbe mmoja. Na hapo hajagawanya hata mara moja ili apate baki, na kugawanya ndiko kuzito kuliko yote.

Hivyo kufuli hili lingebaki karatasini kama watu wasingetafuta njia za mkato. Mwaka 1960, huko Moscow, mwanahisabati mkubwa Andrey Kolmogorov alieleza mbele ya wanafunzi dhana yake kwamba njia ya shule haiwezi kupitwa kwa kiwango cha maana. Anatoly Karatsuba, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akisikiliza, alirudi ndani ya wiki moja na njia inayoipita: ukikata kila namba vipande viwili, unaweza kulipata jibu kwa vizidisho vitatu badala ya vinne, na ukirudia kukata, akiba inakua.

Kisha mwaka 1985 Mmarekani Peter Montgomery akatuondolea kugawanya. Turudi kwenye 961 na 33. Montgomery haulizi 33 imo mara ngapi. Anaongeza 33 kadhaa mpaka namba iishie kwa sifuri mbili: 961 + (33 × 83) = 3,700. Kuongeza 33 hakubadilishi baki, kama vile kuzunguka saa nzima kunavyokurudisha palepale. Na hiyo 83 hupatikana kwa kutazama tarakimu mbili za mwisho tu. Sasa anakata sifuri mbili, inabaki 37. Imezidi 33, basi anaondoa 33, inabaki 4. Jibu ni lile lile, na hakuna kugawanya kokote isipokuwa kukata sifuri. Katika mfano huu jibu limetoka moja kwa moja kwa sababu 100 ikigawanywa kwa 33 inabaki 1. Kwa namba nyingine jibu hutoka likiwa limevaa vazi jingine, nalo huvuliwa mara moja tu, mwisho wa hesabu yote.

Kwa njia kama hizi, kazi ya miaka 36 inafanywa na simu ya kawaida iliyonunuliwa Kamembe kwa sehemu ndogo ya sekunde. WhatsApp, ambayo tangu 2016 hufunga mazungumzo yote kutoka mwanzo hadi mwisho, hutumia ndugu wa njia hii mwenye namba fupi zaidi, za tarakimu 77. Kazi ya ndani haibadiliki: zidisha, shika baki, rudia.

Tutazame maana yake. Mtume (s.a.w.) alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kwamba wao hawapokei barua isiyo na muhuri, ndipo akatengenezewa pete ya fedha yenye muhuri. Muhuri, tarishi mwaminifu na maandishi ya mafumbo vilikuwa mambo ya watawala na matajiri. Maskini siri yake ilikaa kifuani mwake, au mikononi mwa aliyemsomea na kumwandikia barua. Leo mama anayevuka mpaka wa Rusizi na ndoo ya sambaza kwenda Bukavu anaweza kumwambia mwanawe bei, deni na ugonjwa wake, na neno lake likalindwa kwa hesabu ambayo mfalme wa zamani asingeweza kuinunua. Kasi ya kuzidisha ndiyo iliyoishusha sitara mpaka ikamfikia yeye. Kwa hiyo tunapouliza kama kufuli hili lidhoofishwe, tunauliza pia kama mama huyo anastahiki sitara au hastahiki.

SITARA KATIKA DINI YETU

Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inatukataza dhana nyingi, inatukataza kupelelezana na inatukataza kusengenyana, yote kwa pamoja. Mpangilio huo una mafunzo: dhana huzaa upelelezi, na upelelezi huzaa maneno ya kuwala watu nyama zao. Aya ya 27 ya Suratun Nur inatukataza kuingia nyumba za wengine mpaka tupige hodi na kuwatolea salamu wenyewe. Aya inayofuata inasema tukiambiwa turudi, turudi. Hakuna sharti hapo kwamba mwenye nyumba awe mtu mwema.

Vitabu vyetu vinasimulia kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipanda ukuta wa nyumba usiku akamkuta mtu katika maasi. Mtu yule akamjibu kwamba ikiwa yeye ameasi mara moja, basi Khalifa ameasi mara tatu: amepeleleza, ameingia pasipo mlangoni, na hakutoa salamu. Umar akamwacha, baada ya kumtaka atubu. Imam Ghazali ameitaja habari hii katika Ihya anapozungumzia kuamrisha mema na kukataza mabaya. Tazameni aliyesimama pale: hakuna aliyeitilia shaka nia ya Umar. Lakini nia njema haikugeuza ukuta kuwa mlango.

Sisi huku tuna neno zuri kwa jambo hili. Tukitaka cheti cha kuzaliwa au kitambulisho tunakwenda Irembo, tovuti ya huduma za serikali, na neno hilo kwa Kinyarwanda ni mwingilio wa nyumba, pale mgeni anaposimama kabla ya kukaribishwa ndani. Kila uingiapo humo, kufuli la hesabu linafanya kazi ili jina lako na namba yako vifike kwa aliyekusudiwa tu.

ASIYE NA KOSA HANA CHA KUFICHA?

Kwa Mnyarwanda, jibu la haraka nililolitaja mwanzoni linapaswa kuuma. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulianza kutoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mtu. Ilikuwa taarifa ya ofisini, neno moja. Miaka ilipita, serikali zikabadilika, neno likabaki. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye vizuizi vya barabarani watu waliambiwa watoe vitambulisho, na neno lile likawa hukumu ya kifo. Hapa kwetu Cyangugu, katika Aprili ya mwaka ule, watu waliokimbilia uwanja wa Kamarampaka waliitwa baadhi yao kwa orodha ya majina, wakatolewa na kuuawa.

Walikuwa na kosa gani? Hawakuwa na lolote, na bado walikuwa na cha kuficha. Majirani waliowaficha darini na chini ya vitanda, na miongoni mwao familia nyingi za Waislamu wa nchi hii, walifanya ibada kubwa kwa kuficha. Tusijisifu kupita kiasi, kwa sababu si kila aliyebeba jina la Kiislamu alisimama upande huo. Lakini funzo liko wazi. Taarifa hukusanywa na mtu mmoja kwa sababu moja, kisha hurithiwa na mtu mwingine mwenye sababu yake. Aliyeandika na aliyeua huenda wasijuane kabisa. Baada ya 1994 kabila liliondolewa kwenye kitambulisho. Leo katiba yetu, katika kifungu cha 23, inalinda siri ya barua na mawasiliano isipokuwa kwa utaratibu wa sheria, na Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13/10/2021 inalinda taarifa binafsi za mtu. Nchi iliyoona gharama ya neno moja kwenye kadi imeandika hayo ikijua inachokiandika.

BARUA YA HATIB

Sasa niitaje hoja yenye nguvu zaidi dhidi yangu, nayo inatoka katika sira. Hatib bin Abi Balta'ah (r.a.) aliandika barua ya siri kuwajulisha Maquraishi juu ya mpango wa Mtume (s.a.w.) wa kuiendea Makka, akampa mwanamke aipeleke. Mtume (s.a.w.) akawatuma Ali, Zubayr na Miqdad (r.a.) wamfuate. Walimkuta mahali alipowatajia, mwanamke akakana, wakamwambia ama aitoe au watampekua, akaitoa. Basi mtu atasema: barua ya siri ilikamatwa na kusomwa, na kama ingefungwa kwa tarakimu 617 watu wangedhurika.

Nimelifikiria jambo hili sana, na sitaki kulikwepa. Ni kweli kwamba kufuli hili huwanufaisha pia waovu, na kuna siku mchunguzi mwenye haki atashika simu ya mhalifu asiweze kuisoma. Hiyo ni hasara ya kweli. Na sisi tunaotoka katika nchi hii hatuna ruhusa ya kuzungumza kana kwamba watu hawapangi mauaji.

Lakini tutazame kilichofanyika katika kisa kile. Alifuatwa mwanamke mmoja, kwa barua moja, kwa habari ya yakini iliyotoka kwa Allah. Misafara mingine haikupekuliwa. Kisha Hatib akaitwa, akaulizwa, akasikilizwa udhuru wake kuhusu jamaa zake walioko Makka, na akasamehewa, kwa kuwa alikuwa mtu wa Badr. Huo ni mlango: mtuhumiwa anajulikana, sababu inajulikana, na mwenyewe anapewa nafasi ya kusema. Milango ya namna hiyo bado ipo hata kwa mwenye simu. Ujumbe una ncha mbili, na aliyepokea anaweza kuwa shahidi. Simu yenyewe inaweza kushikwa kwa amri ya mahakama. Fedha huacha nyayo, na watu huonekana wanapokutana.

Wanaotaka kufuli lidhoofishwe wanaomba kitu kingine. Wanaomba ufunguo mmoja unaofungua barua za watu wote, uwekwe mahali, na tuamini kwamba mkono wa haki tu ndio utakaoushika. Hesabu haina namna ya kuujua mkono. Ukiacha tundu katika namba, tundu hilo ni namba tu, na atakayeipata ataitumia. Ugiriki walipata somo hili. Mitambo ya simu ilikuwa na uwezo uliowekwa ili vyombo vya sheria viweze kusikiliza mazungumzo ya watuhumiwa. Kati ya 2004 na 2005 watu wasiojulikana waliingia katika uwezo huo huo wakasikiliza simu za watu wapatao 100, akiwemo waziri mkuu Kostas Karamanlis. Tundu lililotobolewa kwa ajili ya kumlinda mkubwa wa nchi ndilo lililotumika kumsikiliza yeye.

Na sharia yetu imewahi kuipima gharama hii. Masharti ya ushahidi wa mashahidi wanne ni mazito kiasi kwamba madhambi mengi hubaki yamesitirika, na mafakihi wanasema hudud huondolewa penye shaka. Dini iliyojua vizuri kuliko sisi kwamba wakosaji wapo, ilikubali baadhi yao wasipatikane kuliko kuzivua nyumba zote paa.

SIKIO PENYE UFA

Kuna jambo jingine katika hesabu hii ambalo mwanafunzi wa hadithi atalipenda. Mtume (s.a.w.) alikataza mambo mawili yanayofanana kwa sauti, tajassus na tahassus. Wafafanuzi wengine husema la kwanza ni kuchunguza siri za watu, na la pili ni kutega sikio kwa mazungumzo yao. Mimi nilidhani tofauti hiyo ni ya lugha tu mpaka niliposoma juu ya Paul Kocher.

Kumbukeni hatua ya mwisho ya Montgomery. Kwa 31 × 31 tulipata 37, ikazidi 33, ikabidi kuondoa 33. Lakini kwa 4 × 4 tunapata 16, tunaongeza 33 × 48, inakuwa 1,600, tunakata sifuri, inabaki 16. Haijazidi 33, hakuna cha kuondoa. Hesabu ya kwanza ina hatua moja zaidi, kwa hiyo inachelewa kidogo sana. Mwaka 1996 Kocher alionesha kwamba mtu anayepima tofauti za muda kama hizi anaweza kuupata ufunguo wa siri bila kuvunja namba yoyote. Mwaka 2003 David Brumley na Dan Boneh wa Stanford walionesha kwamba yawezekana hata kupitia mtandao, bila kuigusa kompyuta yenyewe. Hakuna mlango uliovunjwa. Kuna sikio lililotegwa ukutani, likasikia mashine inavyopumua.

Dawa yake ni rahisi kuieleza: fanya hatua ya kuondoa kila mara, hata pasipohitajika, kisha utupe jibu usilolitaka, ili muda usitofautiane. Mwandishi wa programu analipa kasi kidogo ili asivujishe siri ya mtu ambaye hatamjua kamwe. Mteja hataona kama hatua hiyo ilifanywa au iliachwa, na bei ya simu itakuwa ile ile. Anayeiweka pale ambapo hakuna anayemkagua ametekeleza amana kwa maana yake kamili, kama muuzaji anayejaza kipimo mnunuzi akiwa amegeuka.

WALIOACHWA NJE, NA WAJIBU WETU

Hapo juu nimemtaja mama wa sambaza mwenye simu iliyo na kufuli. Lakini tuwe wakweli: mama wengi wa mpakani wana simu ndogo ya vitufe, na fedha zao huzituma kwa kubonyeza *182#. Njia hiyo hulindwa na mtandao wa kampuni kwa namna yake, lakini haina kufuli la mwanzo hadi mwisho kama tulilolieleza. Wengine humpa wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti mbele ya foleni. Sitara imeshuka, lakini haijawafikia wote, na waliobaki nje ni wale wale wanaobaki nje siku zote.

Imam Ghazali, katika mlango wa elimu wa Ihya, anaihesabu elimu ya hesabu pamoja na tiba kuwa faradhi kifaya, kwa sababu watu wanaihitaji katika biashara na kugawa mirathi. Mji usio na anayeijua unaingia katika dhiki. Mimi naona kwamba leo hesabu ya kufuli imeingia katika hukumu hiyo hiyo. Kila shahada ya benki, kila cheti, kila siri ya mgonjwa hupita humo. Tusipokuwa na hata mmoja kati yetu anayeweza kukagua kama hatua ya mwisho ya Montgomery imefanywa sawasawa, basi sitara yetu yote ni taqlid kwa watu wasiotujua. Na si elimu ngeni kwetu. Neno algoriti limetokana na jina la al-Khwarizmi, na maelezo ya kale kabisa yanayojulikana ya kufumbua maandishi ya siri kwa kuhesabu herufi ni ya al-Kindi, aliyeishi Baghdad karne ya 9.

Basi napendekeza mambo matatu kwa jumuiya yetu. La kwanza, wenzetu wanaosoma hisabati na kompyuta wapewe jioni moja katika ratiba ya darsa watufundishe hesabu hii, nasi wa masomo ya Kiislamu tuwaeleze fiqhi ya sitara. Kila upande una nusu ya maarifa. La pili, vijana wanaofanya uwakala wa kutuma fedha wafundishwe kugeuza uso mteja anapoandika namba yake, na kumfundisha asiyejua badala ya kumwandikia. La tatu linatuhusu sote. Hesabu ya tarakimu 617 haiwezi kumzuia rafiki anayepiga picha skrini ya mazungumzo na kuisambaza kwenye kundi. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu akikwambia neno kisha akageuka kutazama nani anasikia, neno hilo limekuwa amana. Anayetuandikia kwenye simu iliyofungwa amekwisha kugeuka na kutazama.

Haya ndiyo niliyoyaona. Yaliyo sawa ndani yake ni kwa tawfiki ya Allah, na anayeona vingine na aandike katika toleo lijalo, tusome hoja zake. Tunamuomba Allah azisitiri aibu zetu, atupe amani katika nyumba zetu na katika mpaka wetu, na atujaalie tuwe wenye kuzitunza siri za watu hata pale wasipojua kwamba tumezitunza.

Wallahu a'lam.